Biskuti za Uvunguni

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko lilikobaki. Mtaani, sokoni na hata kiwandani watu walimwita Birika. Chanzo kilikuwa gari. Kampuni ya biskuti aliyoitumikia ilikuwa na nembo ya birika la chai, na birika hilo lilichorwa ubavuni mwa gari lake, jekundu, kubwa, likifuka moshi mdomoni. Ukikaa nyuma ya usukani wa gari la namna hiyo miaka nenda miaka rudi, jina utalipata upende usipende. Tumbo lake la mviringo nalo halikumsaidia. Wapo waliodai kwamba mchoraji hakuhangaika kutafuta birika, alimtazama dereva tu akaanza kuchora.

Alianza kazi akiwa mpakiaji, akapanda hadi udereva, kisha wakamwongezea kazi ya kuuza bila kumpunguzia ile ya kupakia. Kila asubuhi alijaza gari katoni za biskuti, akazunguka nazo madukani. Alijua duka gani lina ngazi ya kuvunja watu vifundo vya miguu, mwenye duka gani hataki kuonyeshwa bidhaa kabla ya kuulizwa hali ya mgongo wake, na nani akisema "njoo kesho" ana maana ya kesho, na nani ana maana ya usirudi kabisa. Alifiwa na mke wakati binti yake wa pekee akiwa bado shule ya msingi. Binti huyo sasa alikuwa ameolewa mtaa wa pili, na alikuja kumpikia baba yake kila alipokumbuka kwamba mzee akiachwa peke yake hula biskuti asubuhi, mchana na jioni.

Sasa, anayedhani kuuza biskuti ni kazi tamu hajawahi kusimama mlangoni mwa duka siku ambayo kitu kimebadilishwa kiwandani. Watu hawamjui mkurugenzi. Hawamjui anayepima unga na sukari. Wanamjua mwenye gari. Biskuti za krimu zilipopunguzwa krimu hadi ikabaki kama imepakwa kwa unyoya, aliyesemwa ni Birika. Ile juisi ya unga, ambayo zamani pakiti moja ilitosha jagi zima na bado ikaacha rangi kwenye midomo ya watoto hadi jioni, ilipogeuka kuwa maji yenye harufu, aliyesemwa ni Birika. Kuna mama mmoja alimfokea kwa ajili ya siagi ya kopo isiyoyeyuka kama zamani, na siagi hiyo wala haikuwa ya kampuni yao. Alipojitetea, mama akamwambia, "Nyinyi wa magari wote ni kitu kimoja."

Kwa hiyo Birika alijifunza jibu. Alilipata kwa wakubwa wa mauzo, akalinogesha kwa namna yake. Mtu akilalamika, aliinua nyusi, akaweka mkono kifuani kama anayetoa rambirambi, akasema, "Ladha ni ileile, mama. Ulimi tu ndio umechoka." Aliwaambia hivyo wazee na vijana, wenye meno na wasio na meno, na wengi waliondoka wakijilamba midomo kwa mashaka. Lilikuwa jibu zuri la biashara. Moyoni hakulipenda hata kidogo, lakini lilimpa nafasi ya kuondoka kwa heshima.

Katika maduka yote aliyoyazungukia, ni moja tu ambamo hakuwahi kulitumia jibu hilo. Lilikuwa duka la kona, chumba kimoja chenye dirisha la nondo, rafu zilizopanda hadi darini na mzani uliofunikwa kitambaa kisafi. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi mvi. Birika peke yake alimwita Mama Duka, kwa sababu mwanamume hawezi kumposa shangazi yake.

Shangazi alilirithi duka kwa marehemu baba yake, na pamoja na duka alirithi sharti: mwenye duka hali mali ya duka. Leo pipi moja ya kuondoa uchovu, kesho biskuti mbili za kushushia chai, na keshokutwa unashangaa rafu zimekuwaje tupu. Alilishika sharti hilo kama watu wengine wanavyoshika dini. Aliuza pipi asizozijua utamu wake na michuzi ya chupa asiyowahi kuinusa. Hata sabuni ya kufulia nguo zake aliinunua kwa mwenzake ng'ambo ya barabara, akapanga foleni na kuomba apunguziwe kama mteja mwingine yeyote.

Biskuti za birika alizila kwa mkono mmoja tu, wa Birika mwenyewe. Kampuni iliwapa wafanyakazi mgawo wao wa biskuti, na kila siku ya kuleta mzigo, akishamaliza kushusha katoni, Birika aliketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akatoa pakiti yake mfukoni, akazipanga biskuti kwenye kisahani. Shangazi alimimina chai. Kisha alichovya. Alikuwa na namna yake ya kuchovya: aliizamisha biskuti ikakaa humo hadi mtu ukaanza kuihurumia, halafu akaiinua polepole, laini, imelowa, nzima. Haikuwahi kumkatikia. Birika alitazama jambo hilo kwa miaka, na katika kutazama huko ndiko alikozama mwenyewe.

Siku moja, muda si mrefu baada ya mtoto wa mwisho wa Shangazi kuhama nyumbani na jirani wa upande wa mashariki kuinua ghorofa lililomzibia jua la asubuhi, Shangazi aliishika biskuti juu ya kikombe akaitazama.

"Unajua, Birika," akasema, "kila kitu kimebadilika. Sabuni haitoi povu. Viberiti havina vichwa. Mtaa huu nikifumba macho nikafumbua, siutambui. Hii tu ndiyo haijanigeuka."

Birika akacheka, akajiongezea chai. Kesho yake asubuhi yeye na madereva wenzake waliitwa kikaoni kiwandani.

Bosi wa mauzo, kijana mwenye tai nyembamba na maneno mengi, aliwaeleza kwamba biskuti za birika zimetengenezwa upya. Siagi imepanda bei, kwa hiyo imepunguzwa na mahali pake yametiwa mafuta ya kupikia. Unene umepungua kidogo. "Lakini pakiti haijabadilika hata nukta," akasema, na kweli haikubadilika, isipokuwa yale maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa, ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. "Mkiulizwa, jibu ni moja. Ni ileile, imeboreshwa."

Birika akainua mkono. "Bosi, kama ni ileile, kilichoboreshwa ni nini?"

Wenzake wakavunjika mbavu. Bosi hakucheka.

Kikao kilipoisha, wenzake walikwenda kunywa chai, Birika akaenda stoo. Alinunua katoni zote za zamani zilizokuwa zimebaki, akazilipia kwa mshahara wake. Mwenye stoo alimuuliza kama ana harusi. "Mungu akipenda," akajibu, na siku hiyo alisema kweli tupu.

Nyumbani alizisukuma uvunguni mwa kitanda, nyingine akazipandisha juu ya kabati. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Dukani kwa Shangazi atashusha katoni mpya kama kwa wengine, hana hiari. Lakini pakiti ya kwenye kisahani itatoka uvunguni. Shangazi haonji mali ya duka, kwa hiyo kwake yeye dunia itabaki na kitu kimoja ambacho hakijamgeuka. Karatasi ataikunja aitie mfukoni, maana mwenye duka huyo jicho lake lilikimbilia tarehe kabla ya salamu. Hakufikiri mbele zaidi ya hapo. Alikuwa mwenye furaha tele, akilala juu ya biskuti kama kuku anayeatamia.

Waliomgundua kwanza ni sisimizi. Wa pili alikuwa binti yake, aliyekuja kufagia, akainama na ufagio, akabaki ameinama.

"Baba," akaita, "unafuga biskuti?"

Ilibidi aeleze. Binti alikaa chini sakafuni akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa gauni. Kisha akauliza, "Na zikiisha?"

"Zikiisha zitakuwa zimeisha," akasema Birika, na akaenda kutafuta dawa ya sisimizi.

Upande wa duka, mambo hayakuchukua muda kuchacha. Jirani wa mlango wa pili alikuwa fundi cherehani, mama mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua na futi ya kupimia shingoni, ambaye hakuivua hata msibani. Yeye na Shangazi walikuwa marafiki tangu usichana wao. Waliwahi kuazimana viatu, mume wa mmoja wao alipougua walilala hospitali kwa zamu, na kwa miaka mingi cherehani iliwekwa barazani ikitazama dirisha la duka ili porojo zisikatike hata mshono ukiwa mgumu. Kila asubuhi fundi alinunua pakiti ya biskuti za birika. Asubuhi moja alirudi dirishani na kikombe mkononi.

"Shoga, hebu chungulia humu."

Ndani ya kikombe, biskuti ilikuwa imegeuka tope.

"Umechovya vibaya," akasema Shangazi.

"Mimi? Nichovye vibaya leo, na umri huu? Biskuti zimebadilika, shoga. Hazina hata harufu ya siagi."

"Hazijabadilika. Nazila kila wiki na Birika hapa hapa. Ni zilezile."

"Nakwambia si zenyewe."

Shangazi akasema neno alilolisikia kwa watu, na watu walilitoa kwa Birika. "Basi, shoga yangu, labda ulimi ndio umechoka."

Fundi alimtazama juu ya miwani. Kisha akarudi barazani, akainyanyua cherehani yake, mguu huu na mguu ule, akaigeuza. Kuanzia siku hiyo alishona akitazama ukuta, mgongo wake ukitazama duka. Biskuti alinunua ng'ambo ya barabara.

Na hakuwa peke yake. Wateja walikuja na malalamiko, na Shangazi, mwanamke aliyejulikana kwa kupima sukari bila kuegemeza kidole kwenye mzani, alikula kiapo mbele yao kwamba hakuna kilichobadilika. Walimwangalia kwa huruma. Wengine walisema kampuni imemnunua. Wengine walisema si kampuni, ni mwenye gari, na hajamnunua, amemlevya. Watoto walipopita dirishani waliimba "zilezile, zilezile" kisha wakatimua mbio. Naye kwa ukaidi wa mtu mwenye haki alizidi kushikilia, kwa sababu ulimi wake haukuwa umemdanganya hata siku moja.

Birika aliyaona yote. Aliuona mgongo wa fundi kila alipoegesha gari, na kila mara ulimchoma. Alijiambia yatapita. Na kwa kuwa mtu akiwa na hatia hufanya haraka mambo aliyoyachelewesha, siku moja ya mzigo alipiga moyo konde akaposa. Aliposa akiwa kwenye kreti, kisahani magotini.

"Mama Duka," akasema, "mimi nimechoka kuja hapa siku ya mzigo tu."

Shangazi hakujifanya hajaelewa. Alifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya siku zote akitaka kucheka, tangu jino lake la mbele lilipong'oka.

"Usidhani wewe ndiye wa kwanza kulifikiria jambo hilo," akasema. "Ningekupa jibu leo. Lakini nitaolewaje na yule amenipa mgongo? Nguo yangu ya kwanza ya harusi aliishona yeye. Ya pili ataishona yeye, au sivai." Akaelekeza kidevu barazani. "Jibu lako liko kwenye cherehani ile."

Birika akageuza macho barazani.

"Nimeshapata dawa," Shangazi akaendelea. "Siku ya mzigo ujao nitamwita. Alete pakiti yake aliyonunua huko ng'ambo, wewe utoe yako. Tuchovye wote hapa hapa, na wewe mwenye biskuti ukae katikati uamue. Atajionea mwenyewe kuwa ni zilezile, tucheke, yaishe."

"Wazo zuri," akasema Birika, akaikunja karatasi ya pakiti mara mbili, mara nne.

Jioni alimwendea binti yake. Katoni nyingi zilikuwa zimeharibiwa na sisimizi, na uvunguni ilikuwa imebaki pakiti moja tu, tarehe yake ikikaribia. Binti alikuwa anakata vitunguu, akamsikiliza bila kuinua kichwa.

"Hilo nalo ni tatizo?" akasema. "Peleka pakiti mpya. Atachovya, itamkatikia, atasema kweli zimebadilika, atamwomba mwenzake radhi. Wewe utaoa. Katoni zako zimeisha, sisimizi wamehama, nani atajua?"

Birika alimtazama mtoto wake kwa mshangao na kidogo kwa fahari. Kweli, nani angejua? Njia ilikuwa pana na ina lami.

Siku ya mzigo ilipofika, alitia pakiti mpya mfuko wa kulia wa koti lake la kazi na ile ya uvunguni mfuko wa kushoto. Aliitia ya kushoto bila kujua kwa nini. Akashika njia yake, duka hadi duka, akipiga soga zake za kawaida, mkono ukigusa mfuko wa kulia kila mara.

Duka la mwisho kabla ya kona lilikuwa la mzee mmoja mpole, ambaye zamani alikuwa akilalamika sana na siku hizi alikuwa amenyamaza. Birika alishusha katoni, akamtania.

"Mzee wangu, mbona siku hizi hunigombezi?"

"Nikugombeze nini, mwanangu," akasema mzee. "Uliniambia mwenyewe ulimi wangu umechoka, na kweli umechoka. Nimewaambia hata wakwe zangu wasihangaike tena kunipikia vizuri. Wanipe chochote. Sisikii ladha."

Birika alikuwa ameshageuka kwenda, akarudi. "Lakini vyakula vya nyumbani si unasikia utamu wake?"

"Nasikia," mzee akasema, kama anayeomba radhi. "Lakini nadhani nakumbuka tu."

Alirudi garini akakaa bila kuwasha injini. Aliona wazi kitakachotokea. Shangazi atachovya, biskuti itazama. Atakumbuka kwamba wiki iliyopita haikuzama, wala wiki ya kabla yake. Hatamshuku yeye, maana anamwamini. Atajishuku mwenyewe. Ataanza kujiuliza ulimi wake ulikuwa wapi miezi yote ile, na kichwa chake kilikuwa wapi, na mtaa utamsaidia kujiuliza. Kisha ataolewa na mtu anayelijua jibu na hasemi. Birika akawasha gari, na njia nzima mkono wake haukugusa tena mfuko wa kulia.

Dukani palikuwa pameshapangwa. Vikombe vitatu, kisahani kitupu katikati, kreti ya Birika imefutwa vumbi. Fundi alikuwa amekuja na kigoda chake mwenyewe, asije akaonekana amekalia kitu cha mwenye duka, pakiti yake ameikumbatia na futi yake shingoni. Alimsalimu Birika. Kwa Shangazi alipitiliza bila salamu.

"Haya," akasema Shangazi, akimimina chai. "Toa."

Birika akaziweka pakiti zote mbili kwenye kisahani.

"Kabla hamjachovya," akasema. "Fundi amesema kweli. Biskuti zimebadilika. Siagi imepunguzwa, yametiwa mafuta, na zimekuwa nyembamba. Zilikuwa zimeshabadilika siku ile fundi alipoleta kikombe. Na Mama Duka naye amesema kweli. Alizokuwa akila yeye ni za zamani. Nilizinunua zote zilizobaki nikamwekea. Hii ndiyo ya mwisho."

Mteja mmoja alikuja dirishani, akaziona nyuso zao, akaenda zake.

"Ulimwekea wapi?" akauliza fundi.

"Uvunguni."

"Uvunguni mwa nini?"

"Mwa kitanda."

Shangazi aliweka chupa ya chai chini polepole. "Mtaa mzima nimeuapia," akasema. "Watoto wananiimba. Huyu," akamwelekezea kidole fundi bila kumtazama, "huyu nimemwambia ulimi wake umechoka. Umenifanya mwongo, Birika, na huku nasema kweli."

"Ulisema ni kitu kimoja tu ambacho hakijakugeuka," akasema Birika. "Nilishindwa kuwa mimi wa kukuletea habari."

"Kwa hiyo ukaniacha mimi niwapelekee wengine uongo?"

"Na mimi je?" fundi akadakia. "Mimi niliyeshona nikitazama ukuta? Unajua ukuta ule unavyochosha macho?"

"Angalia alivyokaa," akasema Shangazi.

"Na koti lake la kampuni," akasema fundi.

"Uvunguni! Si ajabu kuna siku zilinukia viatu."

"Ulikula hivyo hivyo?"

"Nilikula. Ningejuaje?"

Walimsema kwa zamu, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimalizia, kama walivyokuwa wakimsema kila mtu zamani, na Birika alikaa kwenye kreti ameinamisha kichwa, akipokea. Lakini hata katika fedheha ile aliona kwamba kigoda cha fundi kilikuwa kimesogea, na kwamba wanawake hao wawili sasa walikuwa bega kwa bega. Hilo peke yake lilimtosha. Kama akifukuzwa, atafukuzwa na watu wanaoongea.

Walipochoka, Shangazi alisimama. Hakugusa pakiti za kwenye kisahani. Alikwenda kwenye rafu yake, akachukua pakiti ya biskuti za birika, akatoa pesa kwenye mkoba wake mwenyewe, akazitia kwenye droo ya duka. Fundi alifungua mdomo kwa mshangao. Tangu duka liwe duka hakuna aliyewahi kuona jambo hilo.

"Baba atanisamehe," akasema Shangazi. "Lazima nijue ninachouza."

Alifungua, akachukua moja, akaizamisha kwenye chai kwa namna yake ile ile. Akasubiri. Alipoinua mkono, vidole vilitoka na kipande kidogo kama ukucha. Kingine kilikuwa kinaelekea chini.

Alikichungulia. Akachukua kijiko, akakifukua, akala, akitafuna taratibu na macho ameyafumba.

"Si mbaya sana," akasema. "Ila si zile."

"Si nilikwambia," akasema fundi kwa upole.

"Uliniambia, shoga. Nisamehe."

Kisha akamgeukia Birika, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Wewe. Kuanzia leo nikikuuliza jambo utanijibu lilivyo?"

"Nitakujibu."

"Haya, nijibu. Mimi nimebadilika?"

Jibu la zamani lilimjia lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi: uko vilevile, mama, vilevile kabisa. Mkono ulikuwa hata umeanza kupanda kifuani. Birika akaushusha, akauweka gotini.

"Umebadilika," akasema. "Siku hizi unasahau chenji za watu hadi wakugongee. Ukiinuka, magoti yanalia nayasikia kutoka garini. Zamani ulikuwa unacheka mtaa mzima unasikia, sasa unacheka ndani ya kiganja kwa sababu ya jino moja. Na mimi naja hapa kwa ajili yako wewe wa sasa. Yule wa zamani alikuwa hata hanimiminii chai."

"Mungu wangu," akasema fundi, akashika futi yake kwa mikono miwili.

Shangazi alimtazama Birika. Midomo ilimcheza. Kiganja kilianza kupanda, kikasita njiani, kikarudi chini, na kicheko kikatoka chote, na pengo lake nje, kikapita kwenye nondo za dirisha hadi barabarani. Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka.

"Shoga," akasema alipopata pumzi, akijifuta macho, "hiyo futi umeivaa kwa urembo?"

Fundi aliruka kutoka kwenye kigoda. Shangazi akasimama katikati ya duka lake, akainua mikono juu, na fundi akampitishia futi kifuani, kiunoni, akinung'unika vipimo na kusema kwamba kiuno hiki nacho kampuni imekiongeza. Birika akafungua ile pakiti ya uvunguni, akazigawa biskuti katika vikombe vitatu, kila mtu na zake.

Dirishani akatokea mteja, kijana wa ofisini.

"Shangazi, naomba biskuti za birika. Ni zilezile?"

Shangazi alimjibu mikono ikiwa bado juu. "Hapana, mwanangu, zimebadilika. Siagi imepungua, na ukichovya fanya haraka. Unachukua?"

Katika miaka yake yote ya kuuza, Birika hakuwahi kusikia mtu akiyasema hayo dukani. Alimtazama kijana kwa roho juu.

Kijana alifikiri kidogo. "Nipe mbili," akasema.

"Birika," akasema Shangazi, "inuka umpe mteja. Huoni mimi napimwa?"